Theluji Juu ya Mitende: Tashbihi na Ushahidi katika Ushairi

Katika ushairi wa Kiswahili wa mapenzi na wa sifa, theluji hutajwa mara nyingi kuliko inavyotarajiwa katika pwani ambayo haiioni. Meno ya mpenzi huambiwa ni theluji. Kanzu ya bwana harusi huambiwa ni theluji. Moyo wa mcha Mungu kadhalika. Malenga anayetunga hivyo aghalabu hajapata kuishika, wala hana haja ya kuishika, kwani alichokitaka ni weupe tu. Neno lenyewe lina silabi tatu, linaingia katika mizani bila ya taabu, na kina chake cha mwisho kina ndugu wengi: maji, mtaji, mhitaji, mfariji. Hivyo theluji hupita ndani ya ubeti kama mgeni aliyealikwa kwa ajili ya nguo zake.

Hapana ubaya mshairi kutaja asichokiona. Washairi wametaja pepo na moto, na hakuna aliyerudi kutoka huko. Ubaya ni kukitaja kitu bila ya kukifikiri, kukichukua kwa sifa moja na kuzitupa nyingine zote. Swali linalostahiki kuulizwa, basi, ni hili: theluji inapokuwa tukio la nadra, inapoushukia mji usioizoea, huifanya nini lugha ya watu wa mji huo? Mfano ulio bora wa kulijibu swali hili ni Baghdad, mji wa mitende na wa nyumba zenye mapaa bapa ambako watu hulala usiku wa joto. Tena ni mji ambao wanazuoni wake walizipa umbo istilahi ambazo uhakiki wa Kiswahili unazitumia hadi leo, tashbihi na istiara zikiwamo.

Kabla ya kufika Baghdad, ni vyema neno lenyewe litazamwe. Theluji ni thalj ya Kiarabu. Kwa Waarabu neno hilo moja hubeba vitu viwili: chembe laini zinazoshuka kutoka mawinguni, na bonge gumu linalotiwa ndani ya sharubati. Kiswahili kimevitenga. Bonge gumu limepewa jina la barafu, na jina hilo asili yake ni Kiajemi, ambako barf ni theluji yenyewe na barafu huitwa yakh. Kwa hiyo neno la Kiajemi la theluji limevuka bahari, likafika pwani kuwa kitu cha kupozea maji ya kunywa. Na neno la Kiarabu likaachiwa kazi ya kutaja kile kisichoonekana mjini wala shamba. Barafu ina muuzaji, ina bei, ina mtoto anayeifyonza akirudi chuoni. Theluji haina hata kimoja katika hivyo. Imebaki kuwa neno la kitabuni na la ibada.

La ibada, kwa kuwa Waislamu wengi wa pwani walilijua kwanza huko. Katika dua ya kufungulia sala, mja huomba aoshwe makosa yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe; na vitu vitatu hivyo hurejea katika dua ya kumwombea maiti. Dua hizo zilitoka Hijazi, nchi ya joto na mawe, ambako theluji ni jambo la kusimuliwa zaidi kuliko kuonekana. Wafafanuzi wa hadithi walijiuliza swali ambalo mhakiki wa ushairi angejiuliza: kwa nini theluji, ilhali maji ya moto huondoa uchafu vizuri zaidi? Miongoni mwa majibu yao, mawili yanafaa kuwekwa mbele ya kila mtunzi. La kwanza ni kwamba theluji ni maji ambayo mkono wa mtu haujayagusa wala matumizi hayajayashusha hadhi. La pili ni kwamba dhambi ina joto la moto, na kinachouzima moto ni baridi.

Katika majibu hayo mawili weupe haukuhitajiwa. Theluji imechaguliwa kwa sababu haijaguswa, na kwa sababu inapoza. Wasomaji wa Biblia nao wanaijua theluji ya kitabu cha Isaya, na huko weupe ndio unaotajwa. Lakini hata huko weupe umewekwa mbele ya wekundu wa dhambi, ukapewa kazi ya kufanya. Ikilinganishwa na theluji hizi za vitabu vitukufu, theluji ya meno ya mpenzi ni maskini kweli. Haiogopeshi, haipozi, haioshi, haiyeyuki. Ingebadilishwa ikawekwa chokaa au chumvi, ubeti usingepoteza kitu.

Ama Baghdad, theluji yake ina kumbukumbu ya zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 2012 watafiti wa Uhispania walichapisha uchunguzi wao wa maandishi ya Kiarabu yanayogusia hali ya hewa ya Baghdad kati ya miaka ya 816 na 1009, maandishi ya wanahistoria kama at-Tabari, Ibn al-Athir na as-Suyuti. Walikuta humo habari za theluji iliyoanguka mjini katika miaka ya 908, 944 na 1007. Walikuta pia habari ya Julai ya mwaka 920, pale baridi ilipoingia ghafla katikati ya kiangazi, hata watu waliokuwa wakilala juu ya mapaa wakateremka ndani kujifunika. Wanahistoria hao hawakuwa wakiandika mashairi. Lakini namna walivyoandika ina funzo kwa washairi. Theluji ya mwaka 908 imehifadhiwa kwa saa na kwa vidole: ilianza asubuhi, ikaendelea mpaka alasiri, ikatanda juu ya mapaa kwa unene wa kama vidole vinne. Msomaji wa leo, hata akiwa Pemba, anaweza kuinua mkono wake akajua ilikuwa kiasi gani.

Mwaka huohuo wa 908, mwezi wa Disemba, Baghdad ilimpoteza Abdallah ibn al-Mu'tazz. Alikuwa mwana wa khalifa, mshairi, na mwandishi wa Kitab al-Badi', kitabu cha mwanzo cha Kiarabu kuzikusanya na kuzipanga fani za lugha ya kishairi, istiara ikiwa ya kwanza kabisa katika mpango wake. Katika utunzi wake mwenyewe alisifika hasa kwa tashbihi. Wapinzani wa khalifa kijana aliyekuwapo walimkalisha kwenye kiti cha ukhalifa. Akakaa siku moja, kisha mambo yakageuka, akakamatwa na kuuawa.

Mtunzi yeyote mwenye damu ya utunzi atavutika kuyaunganisha mambo mawili hayo: theluji ya mchana mmoja, khalifa wa siku moja, na wote wawili wakayeyuka. Tashbihi iko tayari, imeiva, inasubiri kuchumwa. Wanahistoria hawakuichuma. Walilieleza kila tukio mahali pake, hili kwa vidole na lile kwa jina la aliyeuawa, wakaendelea na mwaka uliofuata. Kujizuia kwao huko kuna adabu ndani yake. Mtu aliyeuawa hakuwa theluji. Alikuwa na shingo. Tashbihi inayomfanya ayeyuke inawapunguzia wauaji wake kazi yao. Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa wa theluji ya nadra katika ushairi: kwa kuwa imekuja pasi na mazoea, inaonekana kana kwamba imekuja kusema jambo, na mshairi hukimbilia kuisemea.

Kaskazini, mjini Aleppo, ambako theluji si ngeni kama ilivyo Baghdad, mambo yalikuwa mengine. As-Sanawbari, aliyefariki mwaka 945, aliifanya theluji kuwa mada yenye haki yake. Kama vile mashairi yake ya bustani yanavyoitwa rawdhiyyat, ndivyo mashairi yake ya theluji yanavyoitwa thaljiyyat. Aliitazama theluji kwa jicho la mpenzi wa bustani, akaiona ni maua meupe yanayopukutika wakati ambapo bustani haina ua. Tashbihi hiyo ina uhai kwa sababu ya msimu. Weupe wa ua umo, lakini linaloisisimua akili ni kwamba ua limekuja nje ya wakati wake, na kwamba kinachopukutika kinatoka juu ya mti usio na tawi. Msomaji wa Unguja aliyepata kuona asumini zilizodondoka alfajiri chini ya mti wake anaweza kuisogelea taswira hiyo bila ya kufunzwa.

Hata hivyo, theluji ya as-Sanawbari ina mpaka. Aghalabu inatazamwa na mtu aliyekaa mahali pema, mwenye kikombe karibu na moto nyuma yake. Ni theluji ya mtazamaji. Uzuri wake ni wa kweli, na haki ya mshairi kuusifu haipingwi. Lakini mji una watu wengine, na theluji huwaangukia hao pia.

Tofauti hiyo ilidhihirika Baghdad mwenyewe katika karne hii. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 11 Januari 2008, theluji ilianguka mjini. Wazee walisema hawajapata kuiona maishani mwao Baghdad. Vita vilivyoanza mwaka 2003 vilikuwa vinakaribia kutimiza miaka mitano. Mitaa ilikuwa imetengwa kwa kuta za zege, na umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka. Theluji ilishuka juu ya kuta hizo na juu ya mitende, na nyingi ikayeyuka mara ilipogusa ardhi. Wakazi waliohojiwa na waandishi wa habari asubuhi hiyo walifurahi, na baadhi yao waliifasiri kuwa ni dalili ya amani.

Mkazi wa Baghdad aliyesema hivyo hana lawama. Aliyechoka ana haki ya kuomba dalili, na aliyeamka akakuta mji wake umenyamaza ana haki ya kudhani kwamba kimya hicho kitadumu. Lawama ni ya mtunzi aliye mbali, anayeyasikia maneno hayo kisha akayafanya kuwa hoja ya shairi lake: theluji imeshuka kuifunika damu, mbingu imeuvika mji sanda safi, na mengineyo ya namna hiyo. Theluji ya siku ile haikufunika kitu. Ilifika mchana ikawa matope. Na yaliyofuata yanajulikana: Juni 2014 mji wa Mosul ulitekwa, na Julai 2016 mlipuko mmoja katika mtaa wa Karrada, Baghdad, uliua watu zaidi ya 300. Shairi lililoahidi amani kwa jina la theluji lilitoa ahadi ambayo theluji yenyewe haikuitoa.

Mara ya pili ilikuwa Jumanne, tarehe 11 Februari 2020. Safari hii theluji ilikaa. Ilionekana juu ya magari, bustanini, juu ya makuba. Ilifika hadi Karbala. Watoto na wazee wao walitoka kupigana kwa madonge yake na kupiga picha. Wakati huohuo Uwanja wa Tahrir, katikati ya Baghdad, ulikuwa umejaa mahema ya vijana walioanza kuandamana Oktoba 2019 wakidai kazi, huduma na serikali isiyo ya rushwa. Mamia ya wenzao walikuwa wameshauawa katika miezi hiyo. Theluji iliyakalia mahema. Vijana wale nao walicheza nayo, kwani walikuwa vijana. Lakini usiku walirudi kulala chini ya turubai lililolowa.

Hapo mshairi ana theluji mbili mbele yake, ya pichani na ya hemani, na kipimo cha shairi lake kiko katika namna anavyozihesabu. Mtunzi anayeona weupe pekee ataandika kwamba Baghdad imetakaswa. Mtunzi anayejua ni nani anayetetemeka hawezi kuandika hivyo, hata kama vina vinamruhusu. Haidaiwi kwamba kila shairi la theluji liwe shairi la siasa. Inadaiwa tu kwamba shairi lijue kuwa theluji ni baridi.

Dai hilo laweza kuonekana dogo mno. Lakini lina historia katika Kiswahili chenyewe. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa ametoka Rabai nyuma ya Mombasa, aliona kitu cheupe juu ya kilele cha Kilimanjaro, akadhani kwanza kuwa ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake wa safari, alijibiwa kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akajua kwamba ile ni theluji, akaandika hivyo, na mwanajiografia William Desborough Cooley, akiwa London, akampinga kwa miaka mingi, akiona haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta.

Kisa hiki husimuliwa kwa kumcheka Cooley, na anastahiki kuchekwa. Lakini mhakiki wa lugha anapaswa kumtazama zaidi kiongozi wa safari. Mbele yake kulikuwa na weupe mkubwa kuliko wowote aliouzoea, na jicho la mgeni lilikuwa limeganda juu ya weupe huo. Yeye hakusema nyeupe. Hakusema chumvi, wala maziwa, wala fedha. Alisema jambo ambalo mwili wa mtu ungelijua kama ungefika pale juu. Jina hilo la kiongozi wa msafara lina ushairi mwingi zaidi kuliko beti nyingi zilizotungwa baadaye kwa neno theluji, na lilisemwa na mtu aliyekuwa akijibu swali la njiani tu.

Yapo mawili yanayoweza kupingwa katika hoja hii. La kwanza ni kwamba inamfunga mshairi, inamtaka aandike alichokigusa kwa mkono. Sivyo. Cooley ndiye aliyekuwa mfungwa wa aina hiyo, aliyekataa kilichokuwapo kwa sababu hakikuingia katika hesabu yake. Wala kuona hakutoshi. Wapo Waswahili wengi walioishi miaka Uingereza, Denmark au Canada, wanaoikwangua theluji kwenye vioo vya magari kabla ya kwenda kazini; kwao theluji ni kazi ya alfajiri na gharama ya viatu, na baadhi yao wakikaa kutunga huisahau hiyo waliyoikwangua, wakaandika ile ya meno ya mpenzi. La pili ni kwamba taswira zilizozoeleka zina haki yake, na ushairi wa kimapokeo umejengwa juu yake. Hilo ni kweli. Lakini taswira ya mapokeo hudumu kwa kuwa jamii inairudia katika maisha, kama wimbi, kama jahazi, kama kaskazi na kusi. Theluji ya pwani haina marudio hayo. Imezoeleka kwa midomo tu.

Ulinganifu na mvua unalithibitisha jambo hili. Badr Shakir as-Sayyab, mzaliwa wa Jaykur karibu na Basra, aliipa diwani yake ya mwaka 1960 jina la shairi lake mashuhuri, Unshudat al-Matar, yaani wimbo wa mvua. Mvua katika shairi hilo inabeba rutuba na njaa kwa pamoja, nayo inaweza kuyabeba yote mawili kwa sababu kila Mwiraki anajua ilivyokuja mwaka jana na ilivyokuja mwaka juzi, nani alivuna na nani alikosa. Inaporudiwa kutajwa katika shairi, miaka inarudi nayo. Theluji ya Baghdad haina mwaka jana. Mshairi wake hawezi kuegemea kumbukumbu ya msomaji. Lazima aijenge theluji yote upya, kwa vidole, kwa saa na kwa baridi. Ndiyo maana mashairi ya theluji ya nadra ni magumu, na ndiyo maana mazuri yake ni machache.

Mfasiri wa Kiswahili yuko katika hali hiyohiyo, pengine ngumu zaidi. Shaaban Robert alipoifasiri Omar Khayyam kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1952, alikuwa anaifuata tafsiri ya Kiingereza ya Edward FitzGerald ya mwaka 1859, na ndani ya tafsiri hiyo imo theluji ya jangwani, mfano wa tamaa ya dunia inayong'aa kitambo kidogo kisha isionekane tena. Katika mfano huo weupe ni mapambo, na roho ya mfano ni muda. Theluji imetua mahali isipoweza kukaa. Yeyote anayetaka kuileta taswira kama hiyo katika Kiswahili atakutana na maswali ya kiufundi ambayo hayana budi kutatuliwa neno kwa neno.

Swali la kwanza ni la kitenzi. Mvua hunyesha, na katika kunyesha mna sauti: mvua juu ya mabati, mvua juu ya makuti. Theluji haina sauti, kwa hiyo anayesema imenyesha ameshaiharibu. Kuanguka ni kitenzi cha kawaida, kinaeleweka, lakini kina uzito wa embe. Kupukutika kunafaa pale ambapo mshairi anataka maua, kama as-Sanawbari. Kutua ndiko kunakokaribia zaidi, kwani umande hutua na ndege hutua, na kinachotua chaweza kuondoka.

Swali la pili ni la msimu. Wapo wanaoita majira ya baridi ya Iraq au ya Ulaya kipupwe. Kipupwe cha pwani ni msimu wa nafuu, wa upepo mwanana baada ya masika, hakuna anayekiogopa. Ubeti wa theluji ukiwekwa ndani ya kipupwe, msomaji atajisikia vizuri pale alipotakiwa kutetemeka. Kadhalika neno dhoruba, ambalo hutumiwa kwa kila hali mbaya ya hewa, lina bahari ndani yake, lina tanga lililochanika na kelele za mabaharia. Kwa tufani ya theluji yenye upepo mkali linaweza kukubalika. Kwa asubuhi ile ya Baghdad, ambapo theluji ilishuka juu ya mitende kwa kimya, lingekuwa ni uongo.

Swali la tatu, nalo ndilo gumu kuliko yote, ni la kulinganisha. Usufi unajua kupeperuka: msufi unapopasua matunda yake, nyuzi zake nyeupe huelea hewani na kutanda chini ya mti, na hakuna kitu cha visiwani kinachofanana zaidi na mwendo wa theluji. Lakini usufi ni mkavu na una joto, hutiwa katika mito ya kulalia. Barafu inajua baridi na kuyeyuka, lakini haishuki kutoka mbinguni. Umande unajua kutua usiku na kutoweka jua likichomoza, lakini hauzibi njia wala hauvunji tawi. Mfasiri anayechagua kimoja na kukiweka mahali pa theluji anapata theluji pungufu. Anayefaulu ni yule anayeliacha neno theluji lisimame kama jina, kisha akavigawa vitu hivyo vitatu ndani ya ubeti, usufi katika mwendo, umande katika muda, barafu katika mkono, bila ya kusema popote kwamba theluji ni kama hiki au kile. Hapo msomaji huiunda mwenyewe kwa vitu vya nyumbani, na inabaki ngeni.

Kazi hiyo ni ya subira, na haionekani. Hakuna atakayemsifu mshairi kwa kuandika kutua badala ya kunyesha. Lakini uaminifu wa ushairi umo katika mambo ya kiasi hicho. Mwanahistoria aliyepima theluji ya mwaka 908 kwa vidole hakudai kuwa anajua theluji ile ina maana gani, na kwa sababu hiyo habari yake ingali inaaminika baada ya miaka elfu na zaidi, wakati dalili za amani za mwaka 2008 zimeshasahauliwa hata na waliozisema.

Pwani haikosi theluji ya kuanzia. Katika sala ya maiti, msikitini wakati wa kaskazi, safu zimebanana, kanzu zimelowa jasho migongoni, na jeneza liko mbele. Neno thalj hutamkwa hapo kwa ajili ya mtu ambaye pengine hakupata kuiona theluji hata siku moja. Anaombewa baridi. Katika joto lile, kila aliyesimama anafahamu ni zawadi gani inayoombwa, na hakuna hata mmoja anayefikiria meno ya mpenzi.